Samaki Waliokufa kwa Usafi

Kaka yangu alirudi Kismayu baada ya kumalizia ujana wake wote Ulaya, na kitu cha kwanza alichotaka kununua hakikuwa kiwanja, wala mashua, wala hata kitanda. Alitaka kioo. Akaenda kwa fundi wa madirisha karibu na soko, akamwelezea sanduku lisilo na kifuniko, refu kama benchi la mkahawa, la kutiwa maji. Fundi akamwuliza mara mbili kama maji hayo yatakuwa ndani au nje. Alipojibiwa kuwa ni ndani, na kwamba ndani yake watakaa samaki, na kwamba samaki hao hawataliwa, akaichukua kazi ile kwa huruma, kama mtu anayempokea mgonjwa. Sanduku likaletwa kwa bajaji, mimi nimelikumbatia nyuma, watu barabarani wananipa pole wakidhani tumevunjikiwa dirisha.

Mtaa mzima ulikuja kutazama. Sisi asili yetu ni kisiwa cha Chula, na mtu wa Chula anawajua samaki wa namna tatu: wa kuuza, wa kula, na wa kumng'ata. Hawa wa namna ya nne, wa kuangaliwa, hatukuwahi kuwasikia. Kaka alikwenda mpaka mtoni Juba, akachota matope ya chini, akang'oa majani ya majini kwa mizizi yake, akarudi na ndoo yenye visamaki vyekundu vidogo kuliko kidole changu cha mwisho. Akapanga matope chini, mchanga juu yake, majani akayapanda mstari mstari, halafu akamwaga maji taratibu juu ya sahani ili yasichimbue. Mzee mmoja jirani, mvuvi tangu hajaota meno, akainama akavitazama kwa muda.

"Hawa wakaangwa lini?"

"Hawakaangwi, mzee."

"Basi wafanya nini hapa?"

Kaka akaanza kumweleza. Mzee akatafuta viatu vyake, akaondoka hajaaga.

Kabla sijawacheka zaidi, niseme jambo lililokuwa likinikaa rohoni, maana bila ya hilo kicheko changu hakina maana. Kaka alikuja na tiketi ya kurudi. Mama alitufia tukiwa wadogo, akatulea mdogo wake, mama mdogo, na vita vilipotutawanya mama mdogo na mimi tuliangukia kambini Kenya, kisha Mombasa, na kaka akapata karatasi za kwenda mbali. Tuliporudi huku sisi wawili, mama mdogo akawa na swali moja tu kwenye simu, Idi hata Idi: waya lini, yaani unakuja lini? Hatimaye akaja. Mkewe amebaki Ulaya, watoto wamekwisha kuwa watu wazima, na yeye mwenyewe akasimama ukumbini na begi lake, akasema amekuja kujaribu kama ataweza kukaa.

"Kujaribu?" mama mdogo akasema kwa lahaja ya visiwani, ambamo mtu ni mchu. "Mchu hujaribu kanzu. Hajaribu kwao."

Lakini alikuwa akitabasamu. Alikuwa amesubiri sana kiasi kwamba angemkubali hata kama angekuja kujaribu kutupiga. Na mimi pia nilimtaka akae. Nilimtaka kwa choyo, sina haja ya kuficha. Mimi ni mjane, nauza vitambaa sokoni, na katika tumbo la mama yetu tumebaki sisi wawili tu. Kwa hiyo kila alichokifanya kaka nilikipima kwa mizani moja: hiki kinamkaza hapa, au kinamlegeza? Sanduku la kioo nililiona linamkaza. Mtu hapandi majani mahali asipokusudia kukaa. Ndiyo maana nilikuwa tayari kulilinda dhidi ya mtaa mzima, ingawa moyoni niliona ni wazimu.

Na wazimu ule ulikuwa na elimu yake. Jioni akikaa mbele ya kioo na kikombe cha chai, ilikuwa lazima akufundishe. Samaki wanakunya, alisema, na mavi yao ni sumu kwao wenyewe. Lakini ndani ya matope wamo vijidudu wasioonekana, wanaila ile sumu na kuigeuza kitu kingine, na hicho kitu kingine ndicho chakula cha majani. Majani nayo yakipigwa na mwanga wa dirishani yanatoa pumzi ndani ya maji, na samaki wanaivuta. Hakuna pampu, hakuna umeme, hakuna dawa. Kazi ya binadamu ni moja tu: kila wiki achote robo ya maji, amwagilie mlimau wa uani, arudishe robo nyingine iliyolazwa kwenye ndoo mpaka ikatulia. Robo tu. Maji ya zamani yabaki, kwa kuwa maji ya zamani ndiyo yanayowajua samaki.

"Ni mizani," alikuwa akisema, mikono miwili hewani. "Mizani ya asili. Usiingilie."

Wanawake wa mtaa wetu hawana dogo. Haikupita muda wakampa jina, Bwana Mizani. Nikipita sokoni wananiuliza, Bwana Mizani ameamkaje, amekunya robo leo au amemaliza? Nilikuwa nawatukana na kucheka nao kwa pamoja.

Mama mdogo yeye hakucheka. Yeye alikuwa na hoja, na hoja yake ilikuwa ya kitabu. Sisi ni watu wa madhehebu ya Shafi, na mtoto wa kwetu kabla hajajua kuhesabu anajua kulateni: kile kipimo cha maji, mitungi miwili mikubwa, ambacho maji yaliyotuama yakikifikia hayanajisiki ovyo. Yakipungua hapo, tone la najisi linayaharibu yote. Birika ya msikiti hujengwa kwa kipimo hicho na zaidi. Jabia ya nyumbani, lile tangi la saruji la kuvunia mvua tulilolizamisha uani, imekipita kipimo hicho mara nyingi. Lakini sanduku la kaka? Mama mdogo alilipima kwa mkono, shubiri kwa shubiri, urefu na upana na kina, midomo ikitembea. Akasimama akitikisa kichwa.

"Hayafiki," akasema. "Mai haya hayafiki kulateni, na samaki wanya humo humo. Na wewe ukitia mkono hurusha. Tone moya likiingia kwenye jilbabu yangu, sala yangu ishakwenda."

Sanduku lilikuwa ukumbini, na ukumbini ndipo alipokuwa akitandika mswala wake tangu tulipohamia nyumba ile. Kaka, ambaye aliamini kila ugomvi duniani una mtaalamu wake, akaenda kumwuliza mwalimu wa msikiti. Akarudi amefurahi. Mwalimu kasema mavi ya samaki yamesamehewa, maadamu maji hayakubadilika rangi wala harufu.

"Msamaha ni wa mchu aliyekosa la kufanya," mama mdogo akajibu. "Sisi hatukukosa. Ndoo ziko."

Hapo ningepaswa kujua. Mwanamke aliyenilea kambini kwa kopo moja la maji, na bado asiniache nilale bila kuoshwa miguu, akitamka neno ndoo kwa sauti ile, ujue neno limekwisha kuwa azimio.

Akangoja Ijumaa. Kaka alikwenda msikitini, na baada ya sala akapitia kula kwa marafiki zake wa utotoni. Mimi nilikuwa sokoni. Niliporudi, mlangoni nikapokewa na harufu ya sabuni ya unga. Ukumbi ulikuwa unameta. Sanduku lilikuwa linameta zaidi, hata nikajiona ndani yake nilivyonenepa. Matope yote yalikuwa yamekwenda kumwagwa chini ya mlimau. Mchanga ulikuwa umesuguliwa kwa brashi ya sufuria, mweupe kama chumvi. Majani yalikuwa yamefuliwa, moja moja, na kurudishwa kwa mpango mzuri kuliko wa kaka. Na maji hakuchota ya jabia. Alichota ya lori, yale yaliyotiwa dawa ya kuulia vijidudu, kwa sababu ndiyo aliyosikia watu wa afya wakiyasifu. Alitaka kumpa mwanawe yaliyo bora.

"Sasa hata angetawadha humo ningemruhusu," akaniambia, amekaa kitini, mgongo unamwuma, uso unang'ara.

Visamaki vilikuwa juu kabisa ya maji, vinywa nje, vinameza hewa. Mama mdogo alidhani vinashukuru.

Kaka alifika kisamaki cha kwanza kimekwisha kupinduka tumbo juu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa chini na nguo zake za Ijumaa, akaingiza ndoo, akajaribu kuviokoa, na jioni ile vikafa vyote mbele yetu kimoja baada ya kingine. Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma yake na kikapu cha nguo mkononi, hajui akiweke wapi.

"Walikuwa wagonjwa?" akauliza. "Ule uchafu uliwaingia?"

"Hawakufa kwa uchafu, mama," kaka akasema. "Wamekufa kwa usafi."

Halafu ikaja hotuba. Ninaikumbuka vizuri kwa sababu baadaye nilimrudishia neno kwa neno. Alisema kiumbe huzoea pale alipo, hata kama wewe wa nje hupaoni pazuri. Alisema ukimwondolea kila kitu kwa mara moja, hata ukimpa kilicho bora mara kumi, atakufa, kwa sababu mwili wake haujui kuishi katika ubora huo. Alisema anayependa hubadilisha kidogo, akangoja, akatazama. Mama mdogo alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia chumbani kwake, na siku zile chakula chake kilirudi jikoni kama kilivyokwenda. Nilimsikia akimwomba Mungu amsamehe kwa roho za visamaki. Mimi nilikaa jikoni nikiyapima mabega ya kaka: yamekaza au yamelegea? Yalikuwa yamelegea. Alikuwa amekwisha kuulizia kwa simu kama siku ya tiketi inaweza kusogezwa karibu.

Nikambembeleza arudi mtoni. Akarudi, akachota matope mapya, akaanza upya. Sanduku likahamishiwa chumbani kwake, mswala ukapata ukumbi wake, na mimi nikashusha pumzi. Nilidhani tumemaliza.

Kumbe zamu ya kaka ilikuwa haijafika.

Maana lazima nieleze mtu huyu, bingwa wa robo, alikuwa akitufanya nini sisi wengine tangu alipotua. Mwezi wake wa kwanza alitupa jiko letu la makaa akaleta la gesi. Mama mdogo alikuwa akiliwasha huku amefumba macho na kutamka shahada. Alitupa godoro la mama mdogo la sufi, lililokwisha kujifunza kila mfupa wake, akaleta jingine gumu ambalo alisema ni la mgongo. Alimkataza sukari. Alipaka kuta rangi nyeupe ya hospitali. Aling'oa makomeo ya mlango akaweka kufuli ambayo ufunguo wake mimi na mama mdogo tulishindwa kuuzungusha, tukawa tunagonga kwetu kama wageni. Samaki wake walibadilishiwa robo kwa wiki. Sisi tulimwagwa wote kwa mkupuo. Na ukimnung'unikia anakutazama kwa upole wa daktari: "Ni kwa faida yenu." Nyani haoni kundule.

Tuliyavumilia yale yote kwa ajili ya tiketi. Mama mdogo alikunywa chai chungu na kusema ni tamu. Lakini siku moja, katikati ya kaskazi, kaka akafungua kifuniko cha jabia kuchota maji ya samaki wake, akamulika ndani kwa tochi ya simu, akapiga ukelele nikadhani ameona nyoka.

"Mna samaki humu! Kwenye maji ya kunywa!"

Tukatazamana, mama mdogo na mimi. Bila shaka tuna samaki. Kwetu huchimbi jabia halafu ukaiacha tupu ya samaki. Unakwenda kuomba wawili watatu kwenye birika ya msikiti, unawatia, na kazi yao ni kula viluwiluwi vya mbu. Wale wetu mama mdogo alikuwa amewaleta mwenyewe kwa kikombe mwaka tuliomaliza kuijenga jabia, na walikuwa wamekwisha kuzaa na kupata wajukuu. Kuta za jabia zilikuwa na ukijani mwororo, maji baridi, matamu, maji ya pepo hasa. Kaka hakuona mizani hapo. Yeye, ambaye kwa kioo chake angekulaza njaa akikueleza utukufu wa matope, aliutazama ukijani ule akaona maradhi.

"Yaache, mwanangu," mama mdogo akasema. "Mai haya yamenilea."

"Mama, utaona tofauti."

Akaleta vibarua na pampu. Maji ya mvua ya mwaka mzima yakatupwa barabarani, mbuzi wakaja wakayanywa. Samaki wakaanikwa uani na paka wakafanya karamu. Vibarua wakazisugua kuta mpaka saruji ikawa kijivu, wakatia dawa, wakaziosha, wakatia tena. Likaja lori likajaza. Na kifuniko akakiacha kimeinuliwa, akaweka jiwe chini yake, ili jabia ipate hewa. Mama mdogo alikaa barazani muda wote ule, tasbihi mkononi. Alipoulizwa kama amefurahi, akasema Mwenyezi Mungu akulipe. Nilimtazama nikajua ni lile lile alilolifanya yeye Ijumaa ile, na yeye pia amelijua, na ndiyo maana hawezi kumlaumu.

Dawa ya lori ikapungua nguvu, kama ipunguavyo. Mbu hawana hotuba. Walipata maji yaliyotulia, mlango wazi, na hakuna mla watoto wao. Ukichota ndoo, viluwiluwi vilikuwa vinacheza ndani yake kama vinakukaribisha. Jioni hatukuweza kukaa uani. Na mama mdogo, aliyelala kwenye godoro la mgongo chumba cha karibu na jabia, akashikwa na homa.

Mwanzo tulisema ni uchovu. Halafu akaanza kutetemeka hata kitanda kikagonga ukuta, akamwita mama yetu aliyekufa kwa jina la utotoni, akamwambia awalete watoto ndani, watu wenye bunduki wamefika. Kaka akambeba mikononi mpaka kwenye bajaji. Alikuwa mwepesi, kaka alisema baadaye. Hakujua kama amekuwa mwepesi hivyo. Hospitali walimpima damu wakasema ni malaria, na kwa umri wake hawakutaka kuahidi neno. Wakamtundikia dripu tukatolewa nje.

Hapo ukumbini mwa hospitali, mbele ya watu, nikamlipukia. Sikuchagua maneno, kwa sababu yalikuwa yake mwenyewe, ninayarudisha tu. Nikamwambia kiumbe huzoea pale alipo. Nikamwambia anayependa hubadilisha kidogo, akangoja, akatazama. "Samaki wa mtoni uliowajua jana umewapa robo," nikasema. "Huyu aliyekubeba mgongoni umemmwaga wote. Godoro, jiko, sukari, maji. Umemwachia nini cha zamani? Hata mlango wake haumjui. Na wewe ungejua kuliko sisi wote! Si wewe uliyechotwa kwa siku moja ukatupwa kwenye baridi?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa akinyonyesha benchi la pili akaacha kunyonyesha akatusikiliza.

Kaka alikuwa anatazama sakafu. "Mimi nilifika kule nina mfuko mmoja," akasema. "Asubuhi yake hata mkate ulikuwa mwingine. Hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa naitwa mtu aliyebahatika, nami nikaitikia." Halafu akaongeza: "Sikujua kuna njia nyingine ya kumtunza mtu."

Nilikuwa bado nina matusi mengi mazuri, niliyoyapanga njiani. Yote yakanitoka kichwani. Nikakaa karibu naye mpaka walipotuita.

Mungu hakutunyima. Mama mdogo alirudi nyumbani amekuwa mifupa na macho, lakini macho yenye amri. Amri ya kwanza, arudishiwe godoro. Sufi ilikuwa imekwisha kwenda kwa jirani, ikanibidi nikaombe godoro letu kwa upole kama naposa. Amri ya pili, jabia. Akamkabidhi kaka kikombe.

"Nenda kaombe samaki msikitini. Wewe mwenyewe. Kwa mdomo wako."

Nilimfuata, nisingeukosa msiba ule. Wazee wanaokaa nje ya msikiti wakingoja alasiri walikuwa wote pale. Kaka akakunja suruali, akasimama ndani ya birika na kipande cha chandarua, anawinda visamaki vinavyompita katikati ya miguu. "Bwana Mizani," mmoja akamwita, "si una nyumba yao nzima kwako? Au wale wako hawajui kazi?" Mwingine akasema, "Mpeni ndoano, huenda kule walimfundisha ndoano." Mwalimu wa msikiti alijifanya anasoma, mabega yanamtetemeka. Kaka alitoka na visamaki vitano kikombeni na maji mpaka kiunoni, naye alikuwa anacheka, kicheko nilichokuwa sijakisikia tangu tukiwa watoto Chula. Nikasema moyoni, huyu amekaza.

Lakini usiku na mchana simu za Ulaya zilikuwa haziachi kulia, na siku ya tiketi ilikuwa inakaribia. Asubuhi moja akaja akaketi miguuni pa mama mdogo na jibu alilolifikiria. Alikuwa amelipiga pasi kabisa jibu lile. Kwamba mabadiliko ya ghafla ni mabaya kwa kila mtu, hilo amejifunza. Kwamba ataondoka sasa, kisha atarudi mwakani kwa miezi mitatu. Na mwaka utakaofuata, miezi mingine kidogo zaidi. Na hivyo hivyo, pole pole, mpaka yeye na mkewe na sisi sote tuzoee.

"Robo robo, mama," akasema. "Kwa mizani."

Mama mdogo alimtazama kwa upendo mkubwa na bila huruma hata chembe.

"Ni hesabu nzuri," akasema. "Lakini wewe wanipimia kana kwamba mimi nina mingi. Mimi sina miaka ya kukatiwa robo, mwanangu. Nina hii iliyoko hapa. Kama wenda, nenda, nami nimekuwia radhi. Lakini usiniambie warudi."

Akajigeuza upande wa ukutani. Kaka akakaa pale pale, mkono wake umebaki hewani. Mimi nikatoka nikaenda kupiga pasi mashati yake, kwa hasira, kwa sababu kama ataondoka basi aondoke amenyooka, watu wasije wakasema hana dada.

Asubuhi ya safari begi lilikuwa mlangoni. Nilipika mikate ya anjera, nikaweka mafuta ya simsim na asali, na mama mdogo akatoka chumbani kwa mara ya kwanza tangu augue, akaja kula nasi mkekani. Bajaji niliyoiagiza ikafika, ikapiga honi. Kaka alikuwa anamega. Ikapiga tena. Akamega kingine. Mimi nikainuka nikaenda nje kumwambia dereva sijui nini. Nilichomwambia ni aende. Niliporudi hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Tukala. Nikaongeza chai, nikatia sukari kwenye kikombe cha mama mdogo, vijiko anavyovipenda, na kaka akaviona vyote akaendelea kumega.

Halafu ikasikika. Uwanja wa ndege hauko mbali, na ndege zikiruka zinapita juu ya paa letu, vikombe vinalia kabatini. Mama mdogo hakuinua kichwa. Alingoja mngurumo ukaisha.

"Ndege yako hiyo," akasema.

"Naam."

"Haya, kula. Yapoa."

Akala. Machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka kwenye anjera, na mama mdogo akamsogezea sahani ya asali.